Duka la dawa Chake lilonirudisha na pesa yangu mkononi

Nimekaa na hili jambo wiki mbili sasa nikasema bora niliandike, maana sisi watu wa Pemba tukipata muuza samaki mwaminifu tunamtangaza, tukipata fundi simu mzuri tunamtangaza, lakini duka la dawa hatulitaji mpaka likosee. Mie nataka kulisema duka moja la dawa lilopo Chake Chake kwa uzuri wake, na mabaya yake ntayasema pia. Jina silitii kwa sababu bibie mwenyewe kaniomba, kasema wateja alonao wanamtosha na hana pa kuwaweka wengine. Ukiteremka kutokea juu mjini kuelekea sokoni, si lile la mwanzo wala si lile lenye mataa mengi, ni dogo, lina mlango wa mbao wa kijani na ndani juu ya meza kuna mizani ya kupimia watoto. Hiyo mizani ndo mwanzo wa habari yote.

Mama watoto yupo Unguja anasoma, mie nimebaki na watoto wawili na mkwe wangu, bibi yao, na msimu wa karafuu ndo ulikuwa umeshika, majamvi yote yapo uani, kila mtu mikono inanuka karafuu na hakuna anaelala mapema. Mdogo ana miaka miwili na miezi mitatu. Akaanza mafua, tukasema mafua tu, siku ya nne homa ikapanda na kifua kikawa kinakwenda mbio kama mtu alokimbia kutoka Wawi mpaka Gombani. Nikampeleka kituo cha afya, nesi akamfunua shati, akaitazama saa yake na kuhesabu pumzi dakika nzima, akasema nimonia, ila kifua hakibonyei, anakunywa, hatapiki, kwa hiyo atatibiwa nyumbani. Akaandika kwenye karatasi amoksilini, hii ni antibaiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 5, na juu yake kilo za mtoto, 11 na nusu. Dawa yenyewe pale ilikuwa imemalizika, nikaambiwa ninunue nje na siku ya tatu nimrudishe aangaliwe.

Nikaingia duka la kwanza nilolikuta njiani, silitaji. Kijana alokuwepo yupo na simu sikioni, kaiangalia karatasi sekunde mbili, akanipa chupa ya unga wa kuchanganya na maji, "kijiko kimoja asubuhi kimoja jioni", nikalipa nikatoka. Nyumbani nikatia maji mpaka shingoni mwa chupa, nikatikisa, nikachukua kijiko cha chai cha jikoni, mkwe wangu kampakata mtoto kambana pua kama tulivyonyweshwa sisi dawa zamani, mtoto analia, anapaliwa, nusu imeingia na nusu ipo kwenye kanga. Siku mbili tunakwenda hivyo hivyo. Siku ya tatu homa ipo pale pale na mtoto akikiona kijiko tu anajificha chini ya kitanda.

Asubuhi hiyo ndo nikaingia hili duka la mlango wa kijani, na wala sikufuata antibaiotiki, nilifuata parasetamoli ya maji tu maana ya nyumbani ilikwisha. Mtoto nnae begani. Bibie, mtu mzima wa makamo, koti jeupe juu ya buibui, akaitikia salamu huku anamtazama mtoto, mie hajanitazama bado.

"Baba, huyu anatumia dawa gani nyengine?"

Nikamwambia. Akasema nimuonyeshe chupa. Nikamwambia ipo nyumbani. "Basi kailete, na karatasi ya daktari, nakusubiri." Nilikereka kidogo nasema kweli, mtu kaja kununua dawa ya homa anaambiwa apande bodaboda arudi nyumbani, lakini kuna kitu kwenye sura yake kikanifanya niende.

Nilivyorudi akasoma karatasi, akasoma lebo ya chupa, akamweka mtoto mizanini, 11 na nusu kweli. Kisha akageuza boksi la dawa akaniandikia hesabu nyuma yake kwa kalamu. Chupa yangu ilikuwa ya 125, yaani kila mililita 5 zina miligramu 125 za dawa. Nesi kaandika 500. Kijiko kimoja kikiwa kimejaa sawasawa ni hizo 125 tu.

"Baba, umempa robo."

Robo. Na hiyo robo yenyewe nilishaizidishia maji kwa kuijaza chupa mpaka shingoni, na nusu imeishia kwenye kanga ya bibi yake. Nilikosa la kusema. Siku mbili mtoto ana nimonia na mie najiona mzazi mzuri kwa kuwa sijakosa hata dozi moja.

Hakunigombeza. Akanifahamisha kwamba kuna chupa za 125 na kuna za 250, zinafanana kama mapacha, na mzazi akiambiwa "kijiko kimoja" hajui kijiko cha chupa ipi. Kwa hiyo usiulize vijiko vingapi, uliza hii chupa ina miligramu ngapi kwenye mililita 5, na mtoto wangu wa kilo hizi apate mililita ngapi kila mara. Mtoto anapimiwa kwa kilo, umri peke yake hautoshi, mana watoto wawili wa miaka miwili mmoja anaweza kuwa na kilo 9 na mwenziwe 14. Hizi hesabu nnazozitaja hapa ni za mwanangu na ugonjwa wake, tafadhali mtu asizichukue akampa wake.

Akamfunua shati akahesabu pumzi, na mie akanitaka nihesabu pamoja nae, tukapata 46. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 kwa dakika au kuzidi hapo anapumua haraka, na wa miezi miwili mpaka chini ya mwaka ni 50. Unahesabu dakika kamili, ametulia, halii wala hanyonyi. Hichi kitu sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote na nina watoto wawili. Kisha akasema sasa hivi siuzi kitu hapa mpaka mtoto arudi kituoni leo leo akaangaliwe. Dawa ipo kabatini nyuma yake, pesa ipo mkononi mwangu, na bado ananitoa dukani. Nikenda. Nesi akamtazama, akasema kifua bado hakijabonyea, dawa ni ile ile lakini apewe kamili, tuhesabu siku 5 upya, na baada ya siku mbili tatu asipopata nafuu arudishwe wabadilishe dawa. Nikarudi dukani nimetulia.

Sasa huduma yenyewe. Kwanza akataka kunipa vile vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, vinavyotiwa kwenye maji safi kidogo au maziwa ya mama, vikayeyuka vyenyewe, mtoto akanywa. Kwa kilo za mwanangu vingekuwa viwili kila mara. Anavipenda kuliko chupa kwa sababu havitaki kuchanganywa wala friji na mama hakosei vipimo. Siku hiyo alikuwa hana, ndo akanipa chupa ya 250, na hapo mililita 10 asubuhi na 10 usiku kwa siku 5 zinafika 100 barabara, yaani chupa nzima isibaki hata tone.

Kuchanganya akanionyesha pale pale kwa chupa tupu. Unaigongagonga kwanza kwenye kiganja unga uachane. Maji yawe yamechemshwa na yamepoa kabisa. Unatia kama nusu, unafunga, unatikisa, unaacha povu lishuke, ndo unaongeza mpaka kwenye alama, na alama chupa nyengine ni kistari kwenye chupa yenyewe na nyengine ni mshale kwenye lebo, kwa hiyo uitafute kabla hujatia maji, usitie kwanza ukatafuta baadae. Ukipitisha alama kila kijiko kinakuwa chepesi, ukipunguza kinakuwa kikali. Na kila unapotaka kumpa unatikisa tena, maana dawa inakaa chini, usipotikisa siku za mwanzo mtoto anakunywa maji matamu na siku za mwisho anakunywa dawa nzito. Akachukua maka peni akaandika kwenye chupa tarehe ya kuchanganya. Yangu kwenye lebo ilikuwa siku 7 baada ya kuchanganya, kisha haifai tena hata ikibaki nusu.

Chupa ikae kwenye friji, sio friza. Nikamuuliza umeme je, maana huku kwetu umeme unakuja kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, ni neema kubwa lakini ukikatika umekatika. Akasema usifungue fungue friji, na ukikatika siku nzima njoo tuzungumze, na asokuwa na friji kabisa aseme mapema apewe vidonge vya kuyeyusha, asione haya. Hilo la kuona haya nilimpenda sana nalo. Watu wangapi hawasemi kama hawana friji.

Halafu kibomba. Bomba la plastiki la mililita 10 lisilokuwa na sindano, lina mistari, shilingi 500. Nilivyofika nyumbani nikavipima vijiko vyetu vya chai kwa hicho kibomba, nikatia maji, kimoja kikachukua mililita 3 na kitu, kingine kikachukua 6, na vyote tunaviita vijiko vya chai, vipo ndani ya droo moja. Kwa hiyo hata ningekuwa na chupa sahihi bado ningekuwa nabahatisha. Akanambia kile kizibo kidogo cha mbele ya kibomba nikitoe nikitupe mbali, mtoto asije akakimeza kikamkaba, na kila nikimaliza nikioshe kwa maji ya moto na sabuni nikikaushe.

Na kunywesha kwenyewe, mtihani mkubwa huo. Akasema wacheni kubana pua. Mtoto anaefunguliwa kinywa kwa nguvu huku analia anavuta pumzi kwa mdomo na dawa inaweza kumwendea njia ya hewa, na huyu tayari mapafu yanaumwa. Akakaa na mwanangu mwenyewe, kamkalisha wima mapajani, kichwa kimeegama mkononi mwake, kibomba kikaingia pembeni, ndani ya shavu, akasukuma kidogo, akangoja ameze, akasukuma kidogo tena. Hakumwelekezea kooni hata mara moja. Mtoto akashangaa akameza. Sikuamini. Ilimchukua kama dakika mbili na hakuna kanga ilorowa.

Nikauliza kama naweza kuitia kwenye uji. Akasema usiitie kwenye bakuli zima wala chupa nzima ya maziwa, akibakisha hutojua kabakisha dawa kiasi gani. Kijiko kimoja cha kitu anachokipenda baada ya dawa ndo sawa. Na usimwambie ni pipi, ataitafuta siku umelala.

Saa akaniwekea saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, rahisi, moja baada ya alfajiri na moja baada ya magharibi. Alikuwepo mama mmoja pembeni mwanawe kaandikiwa mara tatu, yeye kaambiwa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kwa sababu mara tatu maana yake kila baada ya saa nane, sio asubuhi, mchana na jioni zote kabla ya magharibi halafu usiku kucha dawa hakuna mwilini. Akatueleza kuwa Ramadhani ndo anapata tabu, wazee wanahamisha dawa ya mtoto wakaipanga na futari na daku, wakati mtoto hafungi! Dozi za mara tatu zinakuwa mbili na mama hajui kama kapunguza.

Ukisahau, unampa pale unapokumbuka, isipokuwa kama saa ya dozi nyengine ishakaribia, na humpi mbili pamoja kufidia. Akitapika ndani ya nusu saa unarudia ile ile, ikishapita nusu saa usirudie. Akitapika kila unachompa, hanywi wala hanyonyi, analala usingizi usioamshika, degedege, kifua kinabonyea kwa ndani akivuta pumzi, usingoje kukuche, nenda spitali. Sauti yake ilibadilika alipofika hapo, na akanirudisha niyataje yote mie mwenyewe.

Kabla hajanipa kitu aliniuliza kama mtoto au ndugu zake wa karibu washawahi kudhurika na penisilini, maana amoksilini ni ya ukoo huo huo. Vipele vya kuwasha vinavyotokea haraka kama kaumwa na wadudu mwili mzima, uso au midomo kuvimba, kukoroma kifuani, hiyo ni kuacha dawa na kukimbia spitali. Kuharisha kidogo sio aleji, hizi dawa zinaua na vijidudu vizuri vya tumboni, unamzidishia maji na unaendelea. Mwanangu kweli siku ya pili choo kikawa laini, bila ya maelezo yale ningemwachisha dawa siku hiyo hiyo nakuhakikishieni.

Siku ya tatu ya dozi kamili homa imekwenda, mtoto anakimbiza kuku, kaingia kwenye jamvi la karafuu kazitawanya zote. Mkwe wangu, Mungu amuweke, akasema "kishapona huyo baba, usimchokoze na dawa." Nikampigia simu mama watoto Unguja, nae akayumba, ati labda tuibakishe kwa ajili ya siku nyengine. Nikarudi kwenye lile boksi lenye hesabu, mililita 100, siku 5. Tukaimaliza. Mtoto wa jirani yetu mmoja alipewa siku 10 kwa koo, na mamaake alikuja kulalamika dukani mbele yangu kwa nini mwengine 5 na wake 10, bibie akamwambia kila ugonjwa una siku zake, na vijidudu vya koo la aina ile visipokwisha vinaweza baadae kuleta ugonjwa ukaharibu valvu za moyo wa mtoto, na yule mama akakaa kimya akaichukua dawa yake.

Sasa nije kwenye kile kilonifanya niweke kichwa cha habari vile. Siku ya nne dada yake, ana miaka 7, kaanza chafya na kamasi na kikohozi kidogo. Nikenda pale mbio, mara hii nina kilo zake, nina noti ya elfu kumi, nataka chupa nyengine kabla mambo hayajaharibika. Bibie akauliza maswali yake. Anakula? Anakula. Homa? Kidogo jana. Sikio linamuuma, linatoa usaha? Hapana. Koo anaweza kumeza? Anameza. Akamhesabu pumzi, zipo sawa. Akasema haya ni mafua, hivi ni virusi, na antibaiotiki virusi haivigusi, utampa kuharisha na upele wa bure. Nikamwambia lakini kamasi ni za kijani. Akasema kamasi za mafua zikikaa siku mbili tatu hugeuka kijani zenyewe, rangi peke yake sio dalili ya kutaka antibaiotiki.

Nikashikilia. Nilikuwa na khofu ya mdogo wake, na mtu mwenye khofu hasikii. Akaisukuma noti yangu juu ya meza ikarudi kwangu. "Maji mengi, maji ya vuguvugu na asali, apumzike skuli siku mbili. Asali huyu anaweza, lakini mtoto chini ya mwaka usimpe. Akianza kupumua haraka au homa ikapita siku tatu, mlete spitali, usinletee mie." Hakuniuzia kitu. Hata vitamini hakuniuzia, na maduka mengine hapo ndo pa kukubebesha vitamini. Msichana kapona ndani ya wiki na kikohozi kikabakia kidogo mpaka wiki ya pili nacho kikaenda.

Siku ile ile mbele yangu alimkatalia mama mmoja Flagyl, nayo ni antibaiotiki, ya mtoto anaeharisha. Akamuuliza kama kuna damu, hakuna, akampa chumvichumvi za kuchanganya na maji pamoja na vidonge vya zinki, kimoja kila siku kwa siku 10 mpaka 14, akamwambia vidonge avimalize hata kuharisha kukikoma. Kungekuwa na damu angemwandikia spitali. Mkwe wangu nae nilimpeleka siku moja kwa makusudi, maana ana mazoea ya kupasua kile kidonge cha tetrasaiklini cha rangi mbili akamwagia unga wake kwenye vidonda vya watoto, na mara moja aliwahi kutaka kumnywesha msichana. Bibie akamsalimia kwa shikamoo, akamwekea kiti, akamwambia taratibu kuwa dawa hii inaingia kwenye meno yanayoota ikayatia rangi ya kahawia yasiyofutika, mtoto chini ya miaka 8 haipewi ovyo. Mkwe wangu ananisikiliza mie kwa nadra sana, lakini yeye alimsikiliza, na karudi nyumbani akazitoa kabatini mwenyewe, pamoja na chupa ya antibaiotiki ya tangu Ramadhani ambayo mie sikujua kama ipo. Tukamrudishia bibie dukani akaziteketeze anavyojua yeye.

Ile robo ilinikaa rohoni nikasoma soma. Kumbe Alexander Fleming, aloigundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimama pale pale akaonya kwamba mtu akijipa dozi ndogo isotosha kuwaua vijidudu, atawafundisha kuizoea dawa, kisha atamuambukiza mwenziwe vijidudu vilovyokwishazoea. Mwaka 1945! Na mie mwaka huu nilikuwa nafanya hivyo hivyo jikoni kwangu kwa kijiko cha chai. Hii inayoitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa nilikuwa naidhani ni maneno ya mabango ya spitali, sasa najua inaingiaje ndani ya nyumba yenye watu wanaompenda mtoto wao.

Mabaya ya duka. Foleni, kwa sababu kila mtu anasemeshwa. Mie mara ya mwanzo nimekaa karibu saa nzima, na kiti ni kimoja tu, wamama wenye watoto wachanga wamesimama juani kwenye baraza, hilo alirekebishe hata kwa benchi la mbao. Ijumaa anafunga mapema kabla ya saa sita na hafungui mpaka baada ya alasiri, na usiku hayupo kabisa, kwa hiyo mtoto akizidiwa usiku usimtegemee, nenda spitali moja kwa moja. Bei ya chupa ilikuwa juu kidogo kuliko lile duka la kwanza. Na vile vidonge vya kuyeyusha anavyovisifu visiwe vinakwisha, mtu anaekaa ndani huko hana friji anafunga safari mpaka Chake kisha anaambiwa havipo, inauma. Nimemwambia mwenyewe, kasema keshaagiza.

Nyota 4 kwa 5, ya tano namuwekea siku nikikuta benchi. Ukienda nenda na mtoto mwenyewe kama anaweza kubebeka, usende na maelezo ya mdomo, chukua karatasi ya daktari na kila dawa anayotumia hata ya kienyeji, maana bila ya hivyo atakurudisha nyumbani kama alivyonirudisha mie. Na kibomba kiulize hata kama hajakitaja, vipo kwenye boksi la chini upande wa kushoto.